Mti Mwekundu Uliojibu

Kaeni kitako, wasinziao wasogee nyuma. Ngano hii hakuna aitambaye kama mimi.

Hapo kale Mrutu alijigamba kuijua miti yote ya mlimani. Binti yake Nakiete aliposhikwa na homa kali, mkewe akamwambia, "Baba Nakiete, dawa ni gome la mti mwekundu. Lakini ugonge mara tatu kwanza. Ukijibiwa, hilo ni zimwi, kimbia."

"Mimi ndiye wa kufundishwa miti?" akacheka.

Akapanda hadi akauona. Jani ndilo lenyewe, gome ndilo lenyewe, utomvu mwekundu kama damu. Akagonga, kimya. Akagonga tena, kimya. Akagonga mara ya tatu, mti ukasema, "Karibu Mrutu, bingwa wa miti."

Mrutu akavimba kichwa. Kumbe hata miti inamjua! Akabandua gome, akalichemsha, akamnywesha binti.

Asubuhi akaita, "Nakiete?"

"Abee, baba," sauti ikaitika kutoka mlimani. Kitandani palikuwa na majani tu.

Tangu siku hiyo Mrutu anazunguka msituni akigonga kila mti, na hakuna hata mmoja unaomjibu.

Ngano imefika shinani. Anayejua kunishinda, akagonge yeye.