Madaftari Matatu ya Majivu

Hapo zamani, na mwaka msiniulize, kulikuwa na shule ya sekondari huko juu Upareni. Hadithi yenyewe si yangu. Nimeipata kwa shemeji yangu Kalage, aliyekuwa mpishi wa shule hiyo, na Kalage chumvi huizidisha jikoni na mdomoni pia. Kwa hiyo mkiona imekolea mno, lawama mpelekeeni yeye.

Basi mwaka huo chuo cha kilimo kilileta barua: tunampokea mwanafunzi mmoja wenu, asome bure miaka miwili. Mmoja! Na kidato cha nne walikuwa arobaini. Mwalimu Mgonja, mtu wa miwani na maneno machache, akawaambia, "Kila mtu aandike daftari moja: maharage yatunzwe vipi yasiliwe na fukusi. Mwenye daftari bora ndiye atakayekwenda. Na sikilizeni vizuri: ulichokipata kwa mtu, mtaje mtu huyo."

"Ndiyo, Mwalimu!" wakaitikia wote. Kuitikia kuna kazi gani?

Aliyeitaka nafasi ile kuliko wote alikuwa Nakijwa. Wenzake walikuwa na wajomba mjini, yeye alikuwa na bibi yake tu, Bibi Mkunde. Akikosa chuo mwaka huo, shule imekwisha, ashike jembe. Lakini bibi huyo maharage yake hayakuwahi kutobolewa hata moja! Dawa yake ilikuwa majivu, yaliyopoa, yakachekechwa, yakachanganywa na maharage makavu.

Nakijwa akatafuta makopo matatu. Moja akatia maharage na majivu, moja maharage na pilipili, moja maharage matupu. Kila Jumamosi akayamwaga mkekani, akahesabu yaliyotobolewa, akaandika. Wiki nane! Alipomaliza akasema, "Bibi, sasa naandika jina lako hapa mwanzo."

Bibi Mkunde akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Jina langu? Thubutu! Niapie hutaliandika wala hutalitaja."

"Kwa nini, Bibi?"

"Niapie kwanza!"

Akaapa. Sababu hakuambiwa, na jina hakuliandika.

Senkondo naye alikuwa kijana mpole, msahaulifu kupita kiasi. Alikwenda kwa bibi yake mzaa baba, akampuria maharage siku mbili, na huku bibi akieleza, yeye anaandika, neno kwa neno, kama lilivyotoka kinywani. Akasahau kitu kimoja tu, kusema maneno ni ya nani.

Na wa tatu ni Eliapenda, aliyekaa dawati moja na Nakijwa. Huyo mikono yake ilikuwa mivivu, lakini miguu haikutulia. Aliazima daftari la Nakijwa, akalinakili lote. Kisha akajiuliza, "Haya, sasa nimtaje nani?" Akaanza kuzunguka. Nyumba hii ikamwambia majivu tulifundishwa na nyumba ile, nyumba ile ikamwelekeza mbele zaidi, mpaka akavuka vilima viwili na kufika kwa bikizee mmoja aitwaye Bibi Joha.

Ikafika siku ya wazazi. Ukumbi umejaa, Mwalimu Mgonja anasoma madaftari kwa sauti. Akafungua la Senkondo.

"Majivu nayachekecha mara mbili. Mazoea haya niliyaanza mwaka ule nilipokuwa na mimba ya Yonaza."

Mzee Yonaza, baba yake Senkondo, alikuwa mstari wa mbele, na koti lake la kanisani! Watu waliangua kicheko mpaka benchi moja likavunjika. Mwalimu akavua miwani. "Senkondo, hongera. Umemzaa baba yako."

Akafungua la Nakijwa. Makopo matatu, wiki nane, hesabu zimenyooka. Watu wakapiga makofi.

Akafungua la Eliapenda. Makopo matatu, wiki nane. Ukurasa wa pili vilevile, wa tatu vilevile. "Mwizi huyo!" watu wakapiga kelele. Lakini Mwalimu akafika ukurasa wa mwisho, akasoma:

"Haya yote nimenakili kwa Nakijwa. Hesabu ni zake, jasho ni lake. Nakijwa amefundishwa na bibi yake. Bibi yake, kwa maelezo ya Bibi Joha, alichungulia uani kwa Bibi Joha mwaka wa njaa, akaondoka na ujuzi bila hata asante, akaufundisha kijiji kizima. Tangu hapo hawasalimiani."

Lo! Macho yote yakamgeukia Nakijwa. Mwalimu akauliza, "Nakijwa, ni kweli ulifundishwa na bibi yako?" Machozi yanamtiririka mtoto wa watu, mdomo hafungui.

Bibi Mkunde akashindwa kuvumilia, akasimama. "Mwacheni! Mimi ndiye niliyemwapisha. Na ni kweli, nilichungulia. Joha, nisamehe, mwenzangu."

Bibi Joha, aliyeletwa na Eliapenda siku hiyo, akajikokota kutoka nyuma. "Miaka thelathini nangoja neno hilo, Mkunde. Njoo hapa." Wakakumbatiana, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mtu mmoja akauliza, "Na wewe, Bibi Joha, nani alikufundisha?" Bibi Joha akakohoa, akaomba maji ya kunywa.

Sasa mabibi wamepatana, lakini nafasi bado ni moja.

Senkondo akasema, "Mwalimu, mwizi gani anaacha mimba daftarini? Ningetaka kuficha ningeifuta! Jina nililisahau tu, lakini maneno ya bibi nimeyaleta mazima, sikugusa hata moja."

Eliapenda akasema, "Mimi sikuhesabu hata haragwe moja, na nimesema hivyo. Ulituambia tutaje. Nani mwingine ametaja? Bila miguu yangu, Bibi Joha angekufa bila kuombwa radhi."

Nakijwa akafuta machozi. "Wenzangu wameleta maneno, mimi nimeleta ushahidi. Jina nimelificha, sikatai. Lakini nilimwapia aliyenilea. Ungenitaka nivunje kiapo, Mwalimu?"

Mwalimu Mgonja akashika kichwa. "Ningejua, ningewaambia muandike insha ya ng'ombe!" Kisha akachukua fomu ya chuo, akaandika jina moja.

Kalage aliliona jina hilo. Hadi leo hataki kuniambia, anasema niseme langu kwanza. Mimi langu nilimwambia, naye akacheka, akaendelea kusonga ugali. Kwa hiyo nawaletea nyinyi, na mkiipeleka kwenu msisahau kusema mmeitoa kwangu, nami kwa Kalage. Aliyeleta maneno mazima akasahau kumtaja mwenye maneno, aliyefanya kazi yote akafunga mdomo kwa kiapo, na aliyenakili kila kitu akamtaja kila mtu: je, nani alistahili?