Mkono wa Shekuwe na Pampu Mpya

Hapo zamani, si zamani ya wanyama kusema bali zamani ya juzi ambapo watu walisema kidogo mno, palikuwa na dereva mlimani jina lake Shekuwe. Alikuwa na pikapu kuukuu ya kushushia kabichi sokoni, mke aitwaye Mwanamvua, na binti mmoja, Hiyari, aliyepanda naye mbele kila siku ya soko kumsaidia kuuza.

Usukani wa pikapu ile ulikuwa mgumu. Pampu ya kuusaidia ilikuwa imechoka kabisa: gari liwake, gari lizimwe, uzito uleule. Shekuwe hakujali, alikuwa na mabega. Na alikuwa na desturi ya madereva wote wa mlima ule: mshale wa petroli ukishuka, akifika kwenye mteremko huzima injini, gari likashuka lenyewe.

Basi mwaka mmoja mkono wake wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Leo kikombe kimeanguka, kesho kifungo hakifungiki. Shekuwe akasema kikombe kina mafuta. Akasema shati limesinyaa. Kaka yake mkubwa, Mbaruku, akawa anamletea mafuta ya kuchua "bega". Kuhusu mkono, Shekuwe akanyamaza.

Lakini anayefua shati hadanganywi na kifungo. Mwanamvua aliona. Aliona pia pikapu ikirudi na mikwaruzo mipya ubavuni. Angemwambia ashuke kwenye gari? Mlimani kule, dereva aliyeshuka kwenye gari hukaa kizingitini akaulizwa na wapita njia kama mvua itanyesha. Na unga ungeletwa na nani? Akauza kuku wake, akabakiza mitetea sita na jogoo. Pikapu ilipopelekwa kubadilishwa oili, akamchukua Hiyari, wakatangulia gereji kwa fundi Kaniki.

"Fundi, nataka usukani mwepesi. Mwepesi mtoto aweze."

"Kwa pampu ya aina ileile hutapata wepesi huo, mama. Ninayo ya lori dogo, ina nguvu. Nitaichomelea kishikio, nibadilishe mipira na mkanda. Atageuza kwa kidole."

"Funga."

"Ila mzee aambiwe. Pampu inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, msaada umekufa palepale. Asizime mteremkoni hata siku moja."

"Nitamwambia."

"Bora nimwambie mwenyewe."

"Fundi, huyu mume ni wako au wangu?"

Kaniki akacheka, akafunga pampu, na kazi yake ilikuwa safi. Jioni Shekuwe akaja kuchukua gari. "Umefanya nini?" Kaniki akamkumbuka Mwanamvua. "Oili, mzee. Na grisi kidogo." Kuhusu pampu, akanyamaza.

Kona ya kwanza, Shekuwe akapiga kelele peke yake garini. Kona ya pili akaimba. Akafika nyumbani akamnyanyua mkewe juu, naye si mwepesi. "Mkono umerudi! Mama Hiyari, mkono umerudi!"

"Si nilikwambia?" akasema Mbaruku. "Mafuta yangu hayo." Akataka shukrani, akapewa jogoo. Jogoo wa Mwanamvua.

Usiku ule Shekuwe alilala bila kugeuka, mara ya kwanza baada ya miezi. Mwanamvua alifungua kinywa mara tatu. Asubuhi akasema tu, "Usiwe unazima gari mteremkoni, naogopa."

"Leo ndiyo unaogopa? Baada ya miaka ishirini?"

Kuhusu pampu, Mwanamvua akanyamaza. Badala yake kila jioni aliuza mayai, akanunua petroli, akaimimina kwenye tangi mumewe akiwa anaoga, mshale usishuke. Wiki saba. Shekuwe akasifu gari kwa kula kidogo.

Ndipo shangazi yake Mwanamvua akafa, naye Mwanamvua akaenda msibani siku tatu. Akamwagiza Hiyari: "Jaza petroli. Ukimwona anagusa ufunguo, sema lolote. Sema umesahau kitu nyumbani." Siku mbili Hiyari alijaza. Siku ya tatu mayai hayakutosha.

Wakafika juu ya mteremko na magunia ishirini ya kabichi. Shekuwe alishika usukani kwa mkono wa kushoto peke yake, upate kuonekana.

"Tazama mkono huu, mwanangu. Nikwambie siri, hata mama yako haijui. Nilikwenda kwa daktari. Akaniambia niache gari, mkono huu hautapona. Sasa tazama! Nani mwongo?"

Akacheka. Mkono wa kulia ukaenda kwenye ufunguo. Hiyari alikuwa na nafasi ya neno moja: usizime. Akamtazama baba yake alivyokuwa anacheka. Akanyamaza.

Usukani ukawa jiwe. Kona ya kwanza tu, pikapu ikaingia korongoni. Kabichi ziliokotwa hadi mtoni.

Hiyari alivunjika mtulinga, ukaunga. Shekuwe alipondeka nyonga na mguu. Hasimami tena bila magongo, na magongo yanataka mikono miwili.

Sasa mlimani kule, mtu akiumizwa na watu wake, mkosaji huleta mbuzi, ameshika kamba kwa mkono wake, hadi mlangoni kwa aliyeumia, aseme: "Ni mimi." Mmoja tu. Wanasema kosa likishikwa na wengi, halikushikwa na mtu. Kamba ikishikwa, mbuzi huchinjwa, watu hula pamoja, neno halirudiwi. Mbuzi akanunuliwa, akafungwa uani kwenye bampa ya pikapu iliyovutwa kutoka korongoni. Mbaruku akaita ukoo.

Kaniki akasema: "Pampu ni nzima hata sasa, kaipimeni. Na nilionya."

"Ulimwonya nani?" Shekuwe akauliza kutoka kitandani.

"Mwenye pesa."

"Mwenye pesa ndiye aliyekuwa anaendesha?"

Mwanamvua akasema: "Nilificha ili usiaibike, Baba Hiyari. Ningekwambia, ungekubali pampu?"

"Nisingekubali."

"Haya."

"Ningekaa kizingitini. Kwa miguu yangu."

Hiyari akainuka. "Nyinyi wote mlikuwa mbali. Mimi nilikuwa pale. Nipeni kamba."

"Kaa chini," mama yake akasema. "Siri nilikubebesha mimi. Hushiki kamba mbele yangu."

"Basi na Baba aseme la daktari."

Mwanamvua akageuka. "Daktari gani?"

Akaambiwa. Akacheka kicheko kibaya. "Kumbe nilikuwa namficha aliyenificha. Daktari kakukataza, ukampakia mwanangu!"

"Aliyevunjika ni mimi," Shekuwe akasema. "Nijiletee mbuzi mwenyewe? Kwa magongo?"

"Amueni upesi," Mbaruku akasema, "mbuzi anakula sabuni."

"Na wewe, shemeji? Yuko wapi jogoo wangu uliyemla kwa mafuta yako?"

Mbaruku naye akanyamaza. Watu wakaondoka na njaa.

Shekuwe akaapa: hasemi na mtu wa nyumba ile hadi kamba ishikwe. Mwaka wa pili huu. Uji anapelekewa, anakunywa, anatazama ukuta. Mbuzi bado yuko kwenye bampa. Amezaa mara mbili. Anayemkatia majani kila asubuhi ni Mwanamvua, maana mbuzi hangoji ukoo.

Nanyi msiniambie ni wote. Wote si jibu, wote ndio walioondoka na njaa. Kaniki alijua, akamwambia asiyeendesha. Mwanamvua aliuza kuku wake, akanunua wepesi na uongo kwa bei moja. Hiyari alikuwa na neno, akaona raha ya baba yake akalimeza. Shekuwe alikatazwa na daktari, akaficha kwanza kabla ya mtu yeyote kuficha.

Kamba ni ile, mbuzi ni yule. Je, nani aishike?