Nyumba Moja, Watumishi Watatu

Nyamazeni kidogo, mliokaa ndani na mliosimama mlangoni. Hadithi hii naisimulia nikiwa na hasira, na nikiimaliza nitawaachia kazi ambayo imenishinda mimi.

Katika usharika wetu wa Vumbea, huko juu milimani, walikuwapo watumishi watatu.

Wa kwanza ni Mzee Mbonea, mpiga kengele. Huyo alijaliwa masikio. Mvua ikiwa bado ng'ambo ya bonde, yeye alishaisikia, akakwambia uanue nguo zako. Alivuta kamba ya kengele ile miaka thelathini na moja, na hakuna ibada hata moja iliyochelewa kwa ajili yake.

Wa pili ni Mama Namsifu, mjane, mfagiaji wa kanisa. Yeye alijaliwa macho ya kuona kilichojificha. Wengine hufagia panapoonekana. Yeye alisogeza kila benchi na kuinua kila mkeka. Tulimcheka. "Mama Namsifu, nyuma ya kabati nani anaangalia?" Akajibu, "Aliyenipa kazi."

Wa tatu ni Mwinjilisti Eliamani. Alijaliwa sauti. Si ya kuimba, maana kila wimbo aliuharibu, ila ya kutuliza. Watu waliogombania mpaka wa shamba, mapanga mkononi, yeye akisema, "Jamani, tukae," walikaa.

Sasa sikilizeni yaliyotupata.

Ilikuwa Jumapili ya kipaimara. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo. Kanisa lilijaa, watoto wa kipaimara wamekaa mbele na nguo zao nyeupe. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, sauti ya pili. Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri.

Mzee Mbonea alikuwa nje, chini ya mnara. Akasikia mlima unapasuka. Alituambia baadaye kwamba ulilia kama mtu anayechana gunia. Njia ya kuteremka ilikuwa wazi mbele yake, na wakati huo miguu yote miwili ilikuwa mizima. Hakukimbia. Aliishika kamba akaipiga kengele ya hatari, mfululizo, bila kupumzika. Mwenyekiti wa baraza la wazee, Zefania, alichungulia dirishani akafoka, "Wewe mzee, umelewa? Mchungaji anahubiri!" Mzee Mbonea aliendelea kuvuta. Waliokaa karibu na mlango mkubwa wakainuka kutazama, wakaliona tope linakuja, wakakimbilia madhabahuni. Mabenchi yao yakafukiwa yakiwa matupu. Mnara ukaanguka. Mguu wa kulia wa mzee ukabaki chini ya mawe.

Hapo tukawa tumefungiwa. Mlango mkubwa umezibwa na tope, madirisha yote yana nondo. Ndipo Mama Namsifu akakumbuka mlango ambao sisi wote tulikuwa tumeusahau. Ulikuwa sakristia, chumba cha kutunzia mavazi ya ibada, nyuma ya kabati la majoho ya kwaya. Kabati lile lilibebwa na wanaume wanne siku lilipoletwa. Yeye alilisukuma peke yake, kwa bega, likapinduka na kumvunja nyonga. Akajiburuta sakafuni mpaka mlangoni, akafungua komeo akiwa amelala chini. Hakuweza kusogea tena. Alibaki pale pale kizingitini.

Watu walipoona mwanga, wakawa wanyama. Nami nilikuwemo. Tulisukumana, tukavutana nguo, watoto wakaanza kuanguka. Ndipo tukasikia, "Jamani, tusimame." Ilikuwa ile sauti. Tulisimama, ukuta unapasuka na sisi tumesimama! Mwinjilisti Eliamani akatoa watoto kwanza, kisha akaita benchi kwa benchi. Mke wake, Bi Ndekirwa, alikuwa benchi la mwisho. Walitazamana. Nawaambia walitazamana, niliwaona kwa macho yangu. Hakulitaja benchi lile kabla ya zamu yake. Zamu ya benchi lile ilipofika, wengine wote walipita, naye Bi Ndekirwa akawa anamalizia mstari. Ukuta ukamwangukia.

Tulitoka watu mia mbili na kumi na wawili, Mama Namsifu akiwa amebebwa. Aliyebaki ni Bi Ndekirwa peke yake.

Miaka miwili baadaye kanisa jipya lilikuwa limesimama. Pembeni yake tulijenga nyumba ya vyumba viwili, bomba la maji ndani. Ilitangazwa madhabahuni kwamba ni nyumba ya mtumishi, kwa ajili ya waliojitoa siku ile. Tulipiga makofi. Tukapiga na vigelegele.

Siku ya kuzindua, Baba Askofu alikuja. Maturubai yalifungwa, pilau ikapikwa. Mwenyekiti Zefania akashika kipaza sauti akaanza kushukuru. Alimshukuru mkandarasi, akaishukuru kwaya kwa sare mpya, akajishukuru mwenyewe kwa namna ya kuzungukazunguka. Kisha akatangaza kwamba nyumba itakaliwa na mtoto wa kaka yake, msimamizi wa ujenzi, kwa sababu "kijana huyu amejitoa sana."

Na wale watatu? Mzee Mbonea alikuwa juani, amekaa kwenye jiwe karibu na geti, magongo yake mapajani. Mwinjilisti Eliamani alisimama kando yake, maana jina lake halikuwa kwenye orodha ya wageni wa kukaa chini ya turubai. Mama Namsifu alikuwa nyuma ya jiko, na nyonga ile ile, anaosha sahani zetu.

Mimi nilikuwa nakula. Siwafichi.

Mama Namsifu alikuja akichechemea, mikono inachuruzika povu, akasimama mbele ya meza kuu.

"Zefania," akasema. Hakusema Mwenyekiti. "Siku ile nilipolala mlangoni ulinikanyaga. Kisigino chako nilikisikia mgongoni. Nikasema moyoni, ana hofu, nimwache. Leo unanikanyaga tena, na leo hofu huna."

"Mama, mambo haya yana utaratibu wake," Mwenyekiti akasema akitabasamu kwa wageni. "Rudi jikoni, tutaongea."

Getini Mzee Mbonea alipiga gongo chini. "Ongeeni sasa!"

Baba Askofu akainuka. "Anayosema mama huyu ni kweli?"

Kimya. Watu mia mbili waliotolewa kaburini na watu watatu, kimya!

"Nimeuliza, ni kweli?"

"Ni kweli, Baba Askofu," nikasema, nikamweleza habari ya wale watatu. Nilikuwa nimechelewa miaka miwili, na pilau ilikuwa bado mdomoni.

Baba Askofu alisukuma sahani yake. Sijawahi kumwona mtu wa Mungu amekasirika namna ile. "Nyumba hii hataingia mtu yeyote ila mmoja wa hawa watatu," akasema. "Mimi siku ile sikuwepo. Ninyi mlitoka hai. Chagueni ninyi. Nawapa Jumapili tatu."

Ni mmoja tu, kwa sababu nyumba ina vyumba viwili, upande mmoja ni korongo na upande mwingine ni ukuta wa kanisa. Hapaongezeki hata choo. Mjane hawezi kukaa chumba cha pili na mwanamume asiye wake, wala mgane na mke wa mwenzake. Na kila mmoja ana shida yake. Mzee Mbonea na mkewe wanaishi juu kabisa, mahali pa kupanda kwa ngazi za udongo. Mama Namsifu amefukuzwa na shemeji zake. Mwinjilisti Eliamani anastaafu mwaka huu, na nyumba ya usharika anayokaa anatakiwa kuiacha.

Tukakutana. Wengine walisema, "Mzee Mbonea. Bila kengele tungefukiwa tumekaa." Wengine wakasema, "Mama Namsifu. Kengele bila mlango ingetuamsha ili tufe tunajua." Wengine wakasema, "Mwinjilisti. Mlango bila yeye ungejaa maiti za watoto, na yeye alitoa mke."

Tukaenda kuwauliza wenyewe.

"Mimi naitaka," Mzee Mbonea akasema. "Ngazi zinaniua. Naitaka, na sioni haya kusema."

"Sikuja kuomba nyumba siku ile," Mama Namsifu akasema. "Nilikuja kuwaambia msinikanyage. Ila nikipewa, nitaingia leo leo."

Mwinjilisti Eliamani alitupokea mlangoni. "Mnataka tushindane mbele yenu," akasema, "ninyi mkae mtazame." Akaingia ndani akafunga mlango.

Jumapili mbili zimepita. Kesho kutwa ni ya tatu. Nyumba ile imefungwa, bomba linadondosha maji bure, na mimi nitatakiwa kuinua mkono kwa ajili ya mmoja, huku wawili wananitazama usoni.

Basi wewe ambaye hukuwamo, ambaye hukumkanyaga mtu wala hukula kwenye sahani aliyoiosha: mpiga kengele, mfagiaji, au mwinjilisti? Je, wewe ungempa nani nyumba, na wale wawili ungewaambia nini?