Kadi Moja ya Mzazi wa Tumpale

Tegeni masikio, halafu mniamulie.

Katika chuo kimoja cha nyanda za juu walifundisha watu watatu. Bi Kokushubila aliwajua wanafunzi wake wote mia na themanini kwa majina. Mwalimu Mwasanga hakumwacha yeyote asome peke yake, aliwagawa wanne wanne, akawaambia, "Mjuane mpaka mahali mnapokwenda kulia." Naye Daktari Shamte hakumfukuza mwanafunzi aliyefeli. Alimketisha, akamsikiliza, akampa nafasi ya kurudia.

Mwaka wa pili alikuwapo Tumpale, kijana aliyelelewa na mama peke yake. Mama akafariki. Tumpale alirudi kutoka msibani, akafeli majaribio mawili, asimwambie mtu.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho, Bi Kokushubila alikuwa akipita kati ya madawati. Akasimama ghafla.

"Tumpale yuko wapi?"

Simu ya kijana haikupatikana. Akamwita Mwasanga, aliyekuwa akisimamia mtihani pamoja naye.

Mwasanga akawainamia wale watatu wa kundi la Tumpale, akawauliza kwa kunong'ona. Mmoja wao, Atuganile, akaangusha kalamu.

"Huwa anapanda juu ya maktaba ile isiyokwisha kujengwa. Mwalimu... jana alinigawia vitabu vyake vyote."

Walimu wakawaachia wenzao chumba, wakatoka mbio. Daktari Shamte aliwaona wakipita mlangoni kwake, akawafuata bila kuuliza.

Tumpale alikuwa ameketi ukingoni, ghorofa ya nne. Chini yake nondo zilisimama wima. Bi Kokushubila alitaka kupiga yowe, Mwasanga akamziba mdomo. Shamte akavua viatu, akapanda ngazi moja moja, akihofia hata pumzi yake. Akaketi hatua mbili nyuma ya kijana.

"Nimefeli, Daktari. Sina pa kurudi."

"Mtihani utaandikwa tena, mwanangu. Wewe huandikwi tena. Nipe mkono."

Upepo ukavuma. Mkono haukuja. Shamte akangoja. Kisha ukaja, Shamte akaushika.

Miaka miwili baadaye yakafika mahafali. Kila mhitimu alipewa kadi moja tu ya kiti cha mzazi. Tumpale akakaa nayo siku tatu. Bila Bi Kokushubila, nani angejua kuwa hayupo? Bila Mwasanga, wangemtafuta wapi? Bila Shamte, nani angemshusha?

Kesho ndiyo siku yenyewe, na kadi haina jina. Haya, jamani, kalamu hii hapa: wewe ungeandika jina la nani?