Ngoma Iliyohama Nyumba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majirani wa kugombana nao kama sisi, Mzee Tembo alikuwa na ngoma kuu. Mwaka mzima aliifungia ghalani. Siku ya tamasha, baada ya mavuno, ndipo alipoitoa, akaipiga, akaimba, kisha akairudisha na kufunga mlango. Wanyama wadogo waliitwa siku hiyo tu, waje kupiga makofi.

Mwaka mmoja hawakuja. Tembo akaimba peke yake uwanjani, na wimbo usioitikiwa, wajukuu zangu, ni sawa na kujibizana na ukuta. Aliona aibu mpaka masikio yakamlegea. Kesho yake akatangaza: tamasha lijalo uwanja ukiwa mtupu tena, atakifukia kisima wanachotekea maji wadogo wote.

Bibi Pimbi wa kule kwenye mawe matupu, mjane mwenye watoto wengi na miguu mifupi isiyofika mtoni, hakupata usingizi. Akapita kwa majirani kuwasihi. Kobe akamwambia kwamba Tembo hajui hata jina lake. Kanga alikuwa mkali zaidi.

"Alimkanyaga mwanangu mguu akicheza hiyo ngoma yake, hata pole hakusema. Leo nikampigie makofi? Nenda wewe, shoga."

Pimbi akaona kusihi hakusaidii. Akaenda kwa Tembo mbio, anahema.

"Shikamoo, mzee. Sikutaka kukutia hofu, ila nimemwona Fisi akinusa ukuta wa ghala lako."

Tembo akashtuka. Fisi na ngozi mnamjua. Hata kiatu hakiachi. Akauliza afanyeje. Pimbi akamshauri ngoma ifichwe kwenye vibanda vya wadogo, mahali asipopadhania Fisi, na kila mwezi ukiandama ihamishwe.

Tembo hakumwamini mtu, kwa hiyo akaifuata ngoma yake. Ikiwa kwa Kobe, naye yuko nje ya mlango wa Kobe, maana ndani hata mkonga haukuenea. Akaletewa uji. Mtu akikupa uji kila asubuhi, utaacha kumuuliza jina? Ilipohamia kwa Kanga, watoto wakaanza kuigonga, ti ti ti. Tembo akataka kuwazuia, Fisi asije akasikia.

"Ngoma iliyokaa kimya, Fisi anaiona nyama kavu," Pimbi akawahi kusema. "Ikilia anaogopa."

Basi ikalia kila jioni. Tembo akafundishwa nyimbo za Kobe za taratibu na za Kanga za haraka haraka, naye akawafundisha zake. Hata ile pole aliyokuwa akidaiwa na Kanga ilimtoka, ingawa aliizungusha mdomoni muda mrefu kama mfupa wa samaki.

Lakini Pimbi hakustarehe. Kila kichaka kikilia chaka chaka, anageuka kutazama. Fisi akitokea kweli, uongo umekwisha, na kisima kimekwenda nao.

Asubuhi ya tamasha akatokea. Kumbe mwaka mzima alikuwa ng'ambo ya mto kwa wakwe zake, na sasa amekuja na mke na mkeka kutazama ngoma. Tembo akamkoromea kwamba amefuata ngozi. Ghala hilo hajawahi kuliona, Fisi akasema, waulizwe wakwe.

Tembo akageuka. Tindi, tindi, tindi, mpaka alipo Pimbi. Akamwinulia mguu juu ya kichwa.

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya, mzee," Pimbi akasema. "Fisi hakuwepo. Ila hawa je?"

Tembo akatazama. Uwanja umejaa hadi vichakani. Kanga na wanawe wamekaa mbele kabisa, na hakuna anayesogea.

"Mjomba Tembo, anza basi," kifaranga mmoja akaita. "Koo zinatukauka."

Mguu ukabaki hewani. Halafu Tembo akatafuta mahali pasipo na mtu, akaushusha polepole. Akaanzisha wimbo wa Kobe, uwanja mzima ukaitikia, na habari ya kufukia kisima haikusikika tena.

Walipomaliza, jasho linamtoka, alimwinamia Pimbi na kumnong'oneza: "Mwezi ujao ngoma inahamia kwa nani?"

Hadithi ndiyo hiyo, nami nimeichoka: atakaye kuitikiwa siku moja, na aitike mwaka mzima.