Umekula, Umesahau

Hodi, hodi, wenye masikio!

— Karibu, mwenye mdomo!

Nimebeba mwizi begani, nimtue?

— Mtue tumwone!

Mzito huyu!

— Tutasaidiana!

Haya, sogeeni. Na hiki kisahani changu cha karanga kikae hapa ubavuni mwangu, mtu asikiguse. Hadithi hii hunipandisha hasira kila ninapoisimulia, na nikishikwa na hasira lazima nitafune kitu.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wanyama wazee, kikiitwa Pumzikeni. Mnyama akishakimbia mbio zake zote, akalea, akazika, magoti yakaanza kulia kwi, kwi, kwi, watoto wake walimleta Pumzikeni akaote jua. Kila mwezi ulipoandama watoto walikuja kuwaona wazazi na kuwaletea vyakula. Hiyo ndiyo iliyoitwa siku ya wageni. Na ili wazee wasisumbuliwe, watoto waliwawekea mlinzi. Mlinzi gani? Ngiri! Shingo nene, meno yametokeza nje huku na huku. Walimchagua kwa sababu ana nguvu. Nguvu tu! Hakuna aliyeuliza kama ana haya.

Hapo Pumzikeni alikaa Bi Sange. Sange mnamjua? Kamnyama kadogo, ukikaona utadhani panya, ila pua yake ndefu na haitulii, nyu-nyu-nyu, nyu-nyu-nyu. Enzi zake alikuwa mpelelezi. Yai limepotea, aitwe Bi Sange. Shamba limevamiwa, aitwe Bi Sange. Alinusa, akanyamaza, kisha akataja jina, na jina likawa ndilo. Alipozeeka akasema, "Basi! Wezi wa watu hawanihusu tena. Nataka jua mgongoni na kumbikumbi zangu za kukaanga." Kuna ubaya gani hapo? Lakini wapi!

Kila siku jua lilipofika utosini, wazee walilala. Mzee Kuro alikoroma khorrr, khorrr. Bi Korongo alikoroma fyuu, fyuu. Mzee Nungunungu alikoroma khorrr-pwa, khorrr-pwa.

Siku moja Mzee Nungunungu akaamka. Huyu miiba yake ilikuwa imepukutika, imebaki michache tu mgongoni. Akafunua chungu chake. Kitupu!

"Viazi vyangu! Binti yangu alinichomea viazi, viko wapi?"

Ngiri akaja, gudu, gudu, gudu. Hata shikamoo hakutoa, kijana yule!

"Umekula, mzee. Umekula, umesahau."

"Nimekula?"

"Umekula, umesahau."

Kesho yake Bi Korongo akaamka. "Dagaa wangu! Nani kachukua dagaa wangu?" Ngiri akaja, gudu, gudu, gudu. "Umekula, bibi. Umekula, umesahau."

Siku iliyofuata akaamka Mzee Kuro. "Matango yangu!" Gudu, gudu, gudu. "Umekula, mzee. Umekula, umesahau."

Kisha ikafika zamu ya Bi Sange. Akafunua kibuyu chake cha kumbikumbi, akakiinamisha, akakitikisa. Hata bawa moja halikudondoka. Gudu, gudu, gudu. "Umekula, bibi. Umekula, umesahau."

Pua ya Bi Sange ikatulia tuli. Yeye! Yeye anayekumbuka mpaka leo harufu ya mwizi wa kwanza aliyemkamata, aambiwe amesahau kumbikumbi alizozikaanga kwa mkono wake! Kuibiwa ni kuibiwa, mtu analalamika yanakwisha. Lakini uibiwe, halafu uambiwe akili zako ndizo mbovu? Jamani! Lakini akajikumbusha kwamba amestaafu. Akaenda kulala na njaa.

Siku iliyofuata, jua likielekea kuzama, akamkuta Mzee Nungunungu nyuma ya ghala, anajilamba midomo, anatulia, anajilamba tena.

"Unatafuta nini hapo, kaka?"

"Natafuta ladha ya viazi, dada. Ngiri anasema na leo tena nimekula. Mimi sikumbuki. Hebu ninuse mdomo."

Bi Sange akasogeza pua. Nyu-nyu-nyu.

"Hamna kiazi humu. Humu mna njaa tupu."

"Kweli, dada? Maana kesho wageni wanakuja, na Ngiri atamwambia binti yangu kwamba nimewehuka. Anataka nipelekwe ng'ambo ya mto, kwenye Bonde la Wasiojijua. Huko wageni hawaendi. Sitamwona tena mwanangu."

"Na wewe mwambie binti yako kwamba umeibiwa!"

"Nitamwambiaje? Ngiri ameshawaambia watoto wetu wote: mzee akianza kusema ameibiwa, hiyo ndiyo dalili yenyewe." Mzee wa watu akalia, machozi yakamloanisha kifua.

Ukilalamika, umewehuka. Ukinyamaza, umeliwa. Mmeona ujanja huo? Mmeuona? Nipisheni nitafune karanga.

Bi Sange hasira zikampanda mpaka ncha ya pua. "Nani alisema nimestaafu? Inuka, kaka. Nionyeshe chungu."

Wakaenda. Bi Sange akanusa chungu, akanusa kifuniko, akanusa vumbi. Na pale kwenye vumbi, mbele ya chungu, akaona vishimo viwili vya mviringo, kimoja pembeni ya kingine.

"Magoti," akasema. "Mwizi alipiga magoti ndipo akala."

Akamwendea Bi Korongo. "Dada, unaweza kupiga magoti?"

"Nani, mimi? Nikipiga leo, mtaniinua keshokutwa!"

Akamwendea Mzee Kuro. "Kaka, unaweza kupiga magoti?"

"Mara ya mwisho nilipiga magoti nikiposa, na hata siku ile niliinuliwa na shemeji."

"Na wewe, Mzee Nungunungu?"

"Yangu hayakunjiki kabisa, dada. Hata kuketi najiangusha tu."

Pumzikeni nzima hapakuwa na mzee wa kupiga magoti akainuka bila kushikwa huku na huku. Bi Sange akageuka, akatazama uwanjani. Ngiri alikuwa anakula majani. Na Ngiri hulaje? Hupiga magoti ya mbele, puu! Makalio juu, mdomo chini, nyafu, nyafu, nyafu. Akainuka, akasogea, akaacha vishimo viwili vya mviringo, kimoja pembeni ya kingine.

"Mwanaharamu mkubwa!" akasema Bi Korongo. "Sasa tutamfanyaje? Meno hatuna, nguvu hatuna, na tukimshtaki tunaambiwa tumewehuka."

"Hatumshtaki," akasema Bi Sange. "Tutamhurumia."

Akamnong'oneza huyu, psi-psi-psi. Akamnong'oneza yule, psi-psi-psi. Wazee wakaziba midomo wasicheke.

Siku ya wageni ikafika. Watoto hao, na makapu kichwani! Na kama kawaida yao, walimletea mlinzi sufuria yake peke yake, mihogo ya nazi iliyoiva ikalegea, kumshukuru kwa kazi nzuri. Kazi nzuri! Ngiri akasimama langoni kupokea wageni, sauti imelainika kama ya bwana harusi. Akamwambia binti Nungunungu, "Pole, dada. Baba yako akili zimemtoka. Tule kwanza, halafu nitakueleza pa kumpeleka."

Binti akainamisha kichwa. Ngiri akaifuata sufuria yake, gudu, gudu, gudu. Akaifunua. Nyeupe! Imekombwa!

"Mihogo yangu iko wapi?"

Bi Sange akamtazama kwa huruma. "Umekula, mwanangu. Umekula, umesahau."

"Sijala!"

"Umekula," akasema Bi Korongo akijifuta mdomo kwa bawa. "Umekula, umesahau."

"Nasema sijala!"

"Umekula," wakasema wazee wote kwa upole. "Umekula, umesahau."

Wageni wakaanza kunong'onezana. Maskini, na bado kijana! Binti Nungunungu akamshika Ngiri paji la uso. "Pole, kaka. Hali hii imeanza lini?"

"Sina hali yoyote! Akili zangu timamu!"

"Hata sisi husema hivyo hivyo," akasema Mzee Kuro.

"Usione haya, mwanangu," akasema Bi Sange. "Hebu tukupime kidogo. Jana ulikula nini?"

"Jana? Jana nilikula viazi vya huyu Nungunungu, vya kuchoma, maganda mekundu!"

"Na juzi?"

"Kumbikumbi zako wewe, na chumvi ulizidisha!"

"Na kabla ya hapo, mwanangu? Au hapo ndipo panapopotea?"

"Hakuna kinachopotea! Nilikula matango ya Kuro! Na kabla ya hapo dagaa wa Korongo, wana mchanga, wananikwaruza koo mpaka leo! Mmesikia? Nani amesahau hapa? Mimi sisahau hata tonge moja!"

Akasimama anahema, kifua mbele, anasubiri wamsifu.

Binti Nungunungu akainua kichwa polepole. "Viazi vya maganda mekundu," akasema, "nilivilima mwenyewe. Nilimletea baba yangu." Na miiba yake, ambayo haijapukutika hata mmoja, ikasimama, cha-cha-cha-cha!

Ndipo Ngiri akausikia mdomo wake mwenyewe. "Mimi… mimi sikusema hivyo!"

Pumzikeni nzima ikamjibu, wenye meno na wasio na meno: "Umesema, mwanangu! Umesema, umesahau!"

Chwa! Miiba ikaingia makalioni. Ngiri akatoka mbio, gudugudugudugudu, akavuka mto bila kuuliza kina, akaishia huko huko kwenye Bonde la Wasiojijua. Ndiyo maana hata leo Ngiri akikimbia husimamisha mkia wima. Anaogopa usimguse pale palipochomwa.

Jioni ile binti alimchomea baba yake viazi, akakaa pembeni yake mpaka akamaliza. Mzee Nungunungu akamgeukia Bi Sange.

"Dada, hebu ninuse."

Nyu-nyu-nyu. "Viazi."

"Kwa hiyo nimekula?"

"Umekula, kaka."

"Na sijasahau?"

"Hujasahau chochote."

Mzee akacheka mpaka kile kiazi cha mwisho kikampalia.

Basi, wajukuu zangu, funzo lake ni hili. Mzee akikwambia ameibiwa, usimsikilize, wazee ni watu wa kusahau. Ghala lako mkabidhi mwenye shingo nene, na usimuulize maswali, atachukia. Na muwe na adabu kama wazee wa Pumzikeni, ambao maishani mwao hawajawahi kugusa mihogo ya mtu.

Mwizi nimemtua!

— Tumemwona!

Mdomo naufunga!

— Masikio tunaondoka nayo!

Nendeni salama. Lakini hebu, ngojeni kwanza. Kisahani changu. Karanga zangu ziko wapi?

— Umekula, bibi! Umekula, umesahau!

Nimekula? Mimi? Ala! Hakuna anayetoka hapa. Njooni mmoja mmoja, mfungue midomo niwanuse.