Wino Mgongoni mwa Mbayuwayu

Kabla mbayuwayu hajaijua dari ya mtu, alikuwa mweupe mwili mzima, na kiota chake alikijenga kwenye kuta za magenge ya mto tu. Wapo wanaosema alikuwa wa kijivu. Mimi niliambiwa mweupe, weupe wa karatasi isiyoandikwa, nami nitasema hivyo hivyo.

Siku hizo, huko Uchina, katika mji wa kando ya mto, aliishi mwanamke aliyeitwa Shen Ruolan. Baba yake alimfundisha kutunga mashairi tangu utotoni, na alipoolewa alimchongea muhuri mdogo wa jiwe wenye jina lake. Lakini ukoo alikoolewa ulikuwa na desturi: maneno ya mwanamke hayakupaswa kuvuka kizingiti. Kila majira ya kuchipua, kabla familia haijaenda kusafisha makaburi, mama mkwe alipita vyumbani na jiko la makaa, akachoma yote yaliyoandikwa na wanawake wa nyumba. Hakuwa katili. Alihofu kwamba shairi likisomwa sokoni, watu watasema nyumba ile haina adabu, na binti zake hawataposwa.

"Mwanamke mwenye brashi ni jogoo anayetaga," alizoea kusema. "Watu huja kushangaa, lakini hakuna anayethubutu kula yai lake."

Mashairi ya Ruolan yaliungua mwaka baada ya mwaka, naye akavumilia. Kisha binti yake mdogo, Xiaoyun, akafa kwa homa. Watoto wa kike waliokufa wadogo hawakupewa nafasi katika makaburi ya ukoo, wala kibao cha jina. Ruolan akaona kwamba asipoliandika jina lile na kulificha, litakuwa limekwisha duniani.

Alichelewa kuanza. Asubuhi ya kuchoma, mvua kubwa ikinyesha, ndipo alipoketi kusugua kipande cha wino juu ya jiwe lenye maji. Kila mlango ulipolia alidhani ni mama mkwe, akazidi kusugua badala ya kuandika, hata wino ukawa mzito kama uji. Aliandika shairi lote la Xiaoyun, akagonga muhuri kwa rangi nyekundu, ndipo akagundua kosa lake: wino mzito haukauki upesi. Akiikunja karatasi, maneno yatagandamana. Akiiacha, itaonekana. Nyayo zilikuwa zimeshasikika ukumbini. Akafungua dirisha ili upepo uikaushe.

Upepo ukaja na mbayuwayu. Mvua ilikuwa imeliporomosha genge la mto pamoja na viota vyote. Ndege aliangukia karatasi kifudifudi, koo likagota kwenye alama nyekundu ya muhuri. Akapinduka, akagaagaa kwa mgongo juu ya wino, kisha akarukia boriti. Shairi likabaki doa.

Mama mkwe akaingia, akaitazama karatasi.

"Afadhali," alisema. "Leo nimepata msaidizi."

Akaitupa kwenye makaa. Kisha akachukua ufagio, maana ndege akiingia ndani alihesabiwa kuwa mkosi.

Ruolan hakuwahi kumzuia mama mkwe wake kwa lolote. Siku hiyo alimshika mkono.

"Mama, nakuomba usimpige. Ndiye aliyebaki na jina."

"Jina la nani?"

"La Xiaoyun."

Ufagio ukabaki hewani. Tangu mtoto azikwe, hakuna aliyelitamka jina hilo ndani ya nyumba, na mama mkwe ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kila jioni. Akamtazama ndege pale juu, mgongo mweusi unaong'aa, koo jekundu, mwili ukitetemeka kwa baridi. Alimtazama sana. Mwishowe akashusha ufagio.

"Mjukuu wangu halali mvuani," alisema. "Liache dirisha wazi."

Ndege yule akajenga pale kwenye boriti, na vifaranga wake wakatoka na rangi zile zile. Na tangu siku hiyo mbayuwayu huishi chini ya paa za watu, wala mtu mwenye akili havunji kiota chake. Akilia, hulia kwa haraka, kama anayesoma kitu ambacho huenda akanyang'anywa kabla hajamaliza. Shairi lenyewe lilisema nini, hakuna ajuaye. Lakini mwaka ambao anachelewa kurudi baada ya majira ya baridi, wanawake wa mji ule hukatiza kazi zao na kutazama angani, na hata baridi iwe kali vipi, hakuna anayethubutu kufunga dirisha.